Ulalo wa mstatili si mstari wa ulinganifu

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kasese, Uganda: "Mwanangu yuko P.6 (darasa la sita). Nyumbani tunaongea Kiswahili, shuleni anasoma kwa Kiingereza. Juzi alirudi na zoezi la hesabu limepigwa mkasi. Alikuwa ameandika kwamba mstatili una mistari minne ya ulinganifu na msambamba una miwili. Nilipoangalia, nikaona kama yuko sawa, maana ukikata mstatili kutoka kona hadi kona unapata vipande viwili vinavyolingana kabisa. Amekosea wapi? Na maneno haya ya jiometri nimweleze vipi kwa Kiswahili bila kumchanganya?"

Mama, kuhusu vipande viwili huna kosa. Ukikata mstatili kutoka kona hadi kona ya mkabala, unapata pembetatu mbili zenye pande sawa, pembe sawa na eneo sawa. Ila zoezi halikuuliza hilo. Liliuliza mistari ya ulinganifu, na hapo Kiswahili chetu kimewatega nyote wawili. Neno "ulinganifu" limetoka katika "kulingana", kwa hiyo kwa sikio la mtoto wa Kiswahili, mstari wa ulinganifu ni mstari wowote unaotoa vipande vinavyolingana. Jiometri ina sharti kali zaidi. Ukikunja umbo kwenye mstari huo, nusu moja lazima ilale juu ya nusu nyingine, ukingo juu ya ukingo na kona juu ya kona. Zile pembetatu mbili za mstatili zinalingana, lakini ili moja ikae sawasawa juu ya nyingine ni lazima kwanza uizungushe nusu mzunguko. Kukunja peke yake hakuwezi kuzifikisha hapo.

Kwa hiyo nyumbani liiteni "mstari wa kukunjia" mpaka azoee, ndipo mrudi kwenye jina la kitabuni. Wengine husema "mstari wa kioo", na ni sahihi pia. Chukua kioo kidogo cha mfukoni, kisimamishe wima juu ya mstari unaoushuku, kisha tazama nusu iliyo mbele ya kioo pamoja na taswira yake. Zikitengeneza umbo lile lile ulilokuwa nalo, mstari ni wa ulinganifu. Ukisimamisha kioo kwenye ulalo wa mstatili, yaani kona hadi kona ya mkabala, mstatili unapotea na badala yake unaona tiara, ile wanayorusha watoto upepo ukivuma. Mtoto akishaona tiara hiyo kwa macho yake, huhitaji kubishana naye tena.

Kioo kikikosekana, karatasi inatosha. Tafuteni karatasi ya A4, ile ya kawaida ya kupiga chapa, yenye sentimita 29.7 kwa 21. Iweke mezani na mwambie akunje upande mfupi ulale juu ya upande mfupi. Inakubali. Afungue, akunje upande mrefu juu ya upande mrefu. Inakubali tena. Sasa akunje kwenye ulalo, kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia, na afinye mkunjo vizuri kwa ukucha. Kona mbili zilizobaki, ambazo zingepaswa kukutana, zinachomoza kila moja upande wake, na ukipima kati yake kwa rula utapata sentimita 12 hivi. Ulalo wa pili utatoa jibu lile lile. Basi mstatili una mistari miwili tu, na yote hupita katikati ya pande.

Muulize kwa nini kona hazikukutana, kwa sababu akijua hilo ataweza kujibu hata bila karatasi. Unapokunja, kila nukta inaruka mstari na kutua upande wa pili, umbali ule ule kutoka kwenye mstari, na njia yake inakata mstari kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90. Kona ya A4 ikirushwa juu ya ulalo inatua mahali ambapo hakuna kona. Ingetua juu ya kona iwapo tu pande mbili zinazokutana pale zingekuwa na urefu mmoja, na hapo lisingekuwa tena umbo refu. Lingekuwa mraba.

Mtengenezeeni huo mraba kutoka karatasi ile ile. Shika kona moja na uilete mpaka upande mfupi ulale wote juu ya upande mrefu. Kando inabaki ukanda wa sentimita 8.7, ukate. Fungua: una mraba wa sentimita 21, na mkunjo uliopo tayari ni ulalo wake, umekubali kukunjika bila shida. Kunja ulalo wa pili, kisha katikati kwa wima, kisha katikati kwa mlalo. Minne. Nadhani jibu la mwanao lilitokea hapo: alijifunza mraba vizuri, akaupeleka mstatili mahali ulipo mraba. Kila mraba ni mstatili, maana una pembe mraba nne na pande za mkabala zilizo sawa. Lakini mstatili wa kawaida hauna usawa wa pande zote nne, na kwa sababu hiyo unapoteza mistari miwili ya ulalo.

Msambamba, umbo la pande nne ambalo kila pande mbili za mkabala ni sambamba, ndio unaowaangusha wengi, na unastahili karatasi yake. Chukua A4 nyingine, ilaze upande mrefu ukiwa chini. Kwenye ukingo wa juu pima sentimita 8 kutoka kona ya kushoto, tia nukta. Chora mstari kutoka nukta hiyo hadi kona ya chini kushoto, kata pembetatu hiyo, isogeze hadi mwisho wa kulia bila kuigeuza, ibandike kwa gundi au selotepu. Una msambamba wenye msingi wa sentimita 29.7 na pande za mshazari za karibu sentimita 22.5. Sasa mwache ajaribu mikunjo yote: wima katikati, mlalo katikati, ulalo mrefu, ulalo mfupi. Hakuna hata mmoja unaokubali. Jibu ni sifuri.

Hapo watoto huudhika, na nawaelewa, kwa sababu jicho linakataa katakata kwamba umbo lililopangika hivyo halina ulinganifu. Jicho haliko mbali na ukweli. Msambamba una ulinganifu wa aina nyingine, ulinganifu wa mzunguko. Mwambie achore milalo miwili kwa penseli. Pale inapokatana ndipo kitovu. Auweke msambamba juu ya kipande cha boksi, azungushie penseli kufuata kingo zake, kisha achome pini au mwiba kwenye kitovu na kuanza kuuzungusha polepole. Ukifika nusu mzunguko, yaani nyuzi 180, unakaa tena ndani ya mchoro wake bila kubakiza nafasi. Ukimaliza mzunguko mzima umekaa mara mbili. Tunasema daraja lake la ulinganifu wa mzunguko ni 2. Nusu mzunguko huo ndio uliokufanya uone vipande viwili vya ulalo "vinalingana kabisa". Ulikuwa umeona kitu cha kweli, tofauti iko kwenye jina lake.

Kosa moja la kuhesabu hapa: umbo lolote hukaa ndani ya mchoro wake angalau mara moja, likirudi lilipoanzia. Kwa hiyo daraja dogo kuliko yote ni 1, na daraja la 1 maana yake umbo halina ulinganifu wa mzunguko. Mtoto akiandika daraja 0 amekosa alama bure.

Maumbo mengine ya pande nne yanafuata njia hiyo hiyo. Rombasi, yaani msambamba wenye pande zote nne sawa, ina mistari miwili nayo ni ile milalo yake, kinyume kabisa cha mstatili. Ndiyo maana nilikupa sentimita 8 na si kipimo chochote: ukibahatisha kukata mpaka pande zote zikawa sawa, milalo itakubali kukunjika na somo litavurugika. Tiara ina mstari mmoja, unaopita kwenye kona mbili ambako pande zilizo sawa zinakutana. Trapeza, yenye jozi moja tu ya pande sambamba, kwa kawaida haina hata mmoja, ila ile ambayo pande zake za mshazari ni sawa ina mmoja, wima katikati. Kwa pembetatu: yenye pande tatu sawa ina mistari mitatu, pembetatu pacha yenye pande mbili sawa ina mmoja, na isiyo na pande sawa haina. Nusu ya A4 uliyokata kwenye ulalo ni pembetatu mraba, maana ina pembe ya nyuzi 90, lakini pande zake tatu zinatofautiana, kwa hiyo ni sifuri. Nusu ya mraba uliokatwa vivyo hivyo ni pembetatu mraba pia, nayo ina mstari mmoja.

Kwenye maumbo yenye pande nyingi zilizo sawa na pembe zilizo sawa, idadi ya mistari ni idadi ya pande: pentagoni 5, heksagoni 6, oktagoni 8 kama kibao chekundu cha barabarani kinachokuamuru usimame. Kanuni ni nyepesi, lakini angalia anavyoihesabu kwenye mchoro. Pande zikiwa witiri, kila mstari hutoka konani na kutua katikati ya upande wa mkabala. Zikiwa shufwa, nusu ya mistari huunganisha kona kwa kona na nusu nyingine huunganisha katikati ya upande na katikati ya upande. Mtoto anayepata 3 kwenye heksagoni amesahau mistari ya pande. Anayepata 12 amehesabu kila mstari mara mbili, kwa ncha zake zote.

Sasa nije kwenye maneno. Kuanzia P.5 lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, atauandika kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya shuleni lazima ayajue. Kiswahili cha nyumbani kinafanya kazi tofauti: kumpa maana ambayo atalibandikia jina la shule. Kazi hiyo kinaiweza, ila kina mitego michache.

Mtego wa kwanza ni "pembe". Mbuzi ana pembe, chumba kina pembe, na jiometri ina pembe. Ukimwambia "onyesha pembe ya meza", atagusa ncha. Katika jiometri pembe ni kiasi cha mgeuko kati ya mistari miwili inayokutana, na ndiyo maana inapimwa kwa nyuzi na si kwa sentimita. Ile ncha yenyewe iite kona (vitabu vingine husema kipeo), pembe uiachie mgeuko. Mtoto asiyetenganisha haya mawili atakwambia pembe yenye mikono mirefu ni kubwa kuliko yenye mikono mifupi. Chora pembe ya nyuzi 40 kwa mistari ya sentimita 3, na nyingine ya nyuzi 40 kwa mistari ya sentimita 10, umwache azipime mwenyewe.

Majina ya pembe yamekaa vizuri sana kwa Kiswahili, karibu hayahitaji kukaririwa. Pembe kali iko chini ya nyuzi 90, imechongoka kama kisu kilichonolewa. Pembe butu iko kati ya 90 na 180, kama kisu kilichochoka. Pembe mraba ni 90 kamili, pembe ya kona ya mraba. Pembe nyoofu ni 180, mistari miwili imenyooka ikawa mmoja. Inayozidi 180 mwambie tu ni pembe ya upande wa nje, na aipate kwa kutoa ya ndani kwenye 360.

Mtego wa pili ni "mlalo" na "ulalo". Herufi moja tu inatofautiana, na yote yametoka kwenye kulala. Mstari mlalo umelala kama upeo wa Ziwa Edward ukitazama kwa mbali. Mstari wima umesimama kama nguzo ya umeme. Ulalo ni mstari wa ndani ya umbo unaounganisha kona mbili zisizo jirani, na hausemi chochote kuhusu kulala au kusimama: ukiinua rombasi ikasimama kwenye ncha yake, ulalo wake mmoja unakuwa wima na wa pili unakuwa mlalo. Ukimwambia "kunja kwa mlalo" naye akasikia "kunja kwa ulalo", mtaishia na majibu mawili tofauti na kila mmoja ana haki. Ningekushauri useme "kona hadi kona" badala ya ulalo mpaka neno limkae.

Tena kuna duara. Watu hutumia neno hilo kwa chapati na kwa pete vilevile, na kwa mazungumzo hakuna shida. Ila kwenye hesabu ni lazima ajue anaulizwa lipi. Pale Kayabwe, Ikweta inapokata barabara ya Kampala kwenda Masaka, pamejengwa pete nyeupe iliyosimama ambayo watu hupiga picha ndani yake. Pete hiyo ni ukingo tu, katikati ni hewa. Urefu wa kuizunguka unaitwa mzingo. Chapati imejaa, na nafasi inayofunika sahani inaitwa eneo. Kipenyo huvuka kutoka ukingo hadi ukingo kupitia kitovu, nusukipenyo hutoka kitovuni hadi ukingoni. Chapati yenye kipenyo cha sentimita 21 ina mzingo wa 22/7 mara 21, yaani sentimita 66. Sehemu hiyo ya 22/7 ni makadirio ya mzingo ukigawanywa kwa kipenyo, imezidi kidogo thamani kamili, lakini inarahisisha hesabu kila kipenyo kinapogawanyika kwa 7. Mistari ya ulinganifu ya duara haina idadi: kila mstari unaopita kitovuni ni mmoja wapo. Kunja chapati popote kupitia katikati, itakubali.

Ukitaka kumfurahisha, mwambie kwamba "mraba", "robo" na "arobaini" ni ndugu. Yote yametoka katika neno la Kiarabu la nne. "Mhandisi" naye ametoka kwenye handasa, neno la Kiarabu linalobeba jiometri na uhandisi kwa pamoja. Watoto hushika neno upesi wakijua limezaliwa wapi.

Vifaa pia vina lawama yao, maana mara nyingi mtoto anajua jibu lakini mkono unamwangusha. Kipimapembe cha plastiki kina ukingo wa chini na kina mstari wa sifuri, na kwa vingi hivi si kitu kimoja: mstari wa sifuri uko milimita kadhaa juu ya ukingo. Akilaza ukingo kwenye mkono wa pembe, kipimo kinapotea. Alama ya katikati ikae juu ya kona, mstari wa sifuri ulale juu ya mkono mmoja, ndipo asome. Tena kuna safu mbili za namba, moja inaanzia kulia na moja kushoto, na hapo ndipo 60 inageuka 120. Dawa yake ni moja tu: kabla hajasoma, aseme kwa mdomo kama pembe ni kali au butu. Akishasema "kali", hawezi tena kuandika 120.

Bikari ikilegea kwenye bawaba, nusukipenyo hubadilika katikati ya kuchora na duara halifungi. Ikaze kwanza, na penseli iwe imechongwa, fupi, ncha yake ilingane na ncha ya chuma. Zoezi zuri linalounganisha bikari na swali lako ni kugawa mstari katikati kwa pembe mraba. Chora kipande cha mstari cha sentimita 8. Fungua bikari sentimita 5. Weka ncha kwenye mwisho mmoja, chora tao juu na chini. Usibadilishe kipimo, fanya hivyo kutoka mwisho wa pili. Matao yanakatana mahali pawili, kila pamoja sentimita 3 kutoka kwenye mstari. Unganisha nukta hizo mbili kwa rula. Kila nukta ya mstari mpya iko umbali sawa kutoka ncha zote mbili, kwa hiyo ukikunja karatasi hapo, ncha moja inatua juu ya ncha nyingine: umechora mstari wa kukunjia bila kukunja. Bikari ikifunguliwa chini ya sentimita 4 matao hayakutani kabisa. Ikifunguliwa 4.2, yanakutana sentimita 1.3 tu juu na chini, nukta zinakuwa karibu mno na rula ikiyumba kidogo mstari wote unapinda. Afungue kwa wingi kuliko nusu, kwa nafasi ya kutosha.

Kuhusu kuchora taswira ya umbo kwenye kioo, kosa kubwa ni la kioo cha mshazari. Kioo kikiwa wima au mlalo, mtoto anahesabu visanduku na kufaulu. Kikilala mshazari, anaendelea kuhesabu kwa wima kama alivyozoea, na taswira inatoka imepotoka. Mkumbushe kwamba njia ya kila kona lazima ikate mstari wa kioo kwa pembe mraba. Kwenye karatasi ya visanduku, kioo kikipita kwenye milalo ya visanduku, ahesabu kwa ulalo wa visanduku, upande wa pili wa kioo idadi ile ile. Afanye kona moja moja, azipe herufi, kisha aunganishe kwa mpangilio ule ule. Akimaliza ageuze karatasi mpaka kioo kisimame wima mbele yake. Makosa yote yataonekana hapo hapo.

Kwenye chumba cha mtihani hatakunja karatasi ya maswali, basi azoee kipimo cha kona: achague mstari, achukue kona moja, aulize mwenzake yuko wapi upande wa pili kwa umbali sawa na kwa pembe mraba. Kona moja ikikosa mwenzake, mstari umekufa, asipoteze muda na zilizobaki. Mistari anayoikubali aichore kwa vistari vya kukatika, ipite kidogo nje ya umbo, ili msahihishaji aione.

Kwa mazoezi ya nyumbani huhitaji kitabu. Bendera ni darasa zuri. Ya Uganda ina mistari sita ya mlalo: nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena nyeusi, njano, nyekundu. Ukikunja kwa mlalo, nyeusi ya juu inaangukia nyekundu ya chini, hapana. Ukikunja kwa wima, mistari yote inakubali, lakini korongo aliye kwenye duara jeupe anatazama upande mmoja, na huyo mmoja anavunja ulinganifu wote. Jibu ni sifuri, na bila korongo lingekuwa moja. Ya Kenya, kwa ngao na mikuki yake iliyopishana, ina mmoja wa wima. Ya Tanzania inajibu swali lako moja kwa moja: ukanda wake mweusi wenye kingo za njano unapita kona hadi kona, pembetatu ya kijani juu na ya bluu chini. Hata ukisahau rangi, ikunje kwenye ule ukanda uone kama pembetatu zinalaliana. Kisha izungushe nusu mzunguko.

Herufi kubwa nazo. Neno UTU ukiliandika vizuri lina mstari wa wima katikati ya T. AMA vilevile. DEBE na KODI zina mstari wa mlalo, zikunje nusu ya juu ije juu ya nusu ya chini. OHO ina yote miwili na inasimama hata ukiigeuza juu chini. Herufi S, N na Z mwachie mwenyewe: wengi huapa zina mstari, kumbe zimefanana na msambamba, hazina hata mmoja na daraja lake la mzunguko ni 2.

Na kama kuna ubao wa omweso, mchezo wa bao wa Uganda, kwa jirani, uombeni. Safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32. Ubao mtupu una mistari miwili ya kukunjia kama mstatili wowote, na daraja la mzunguko la 2. Lakini wachezaji wawili waliokaa kutazamana, kila mmoja na safu zake mbili, wote husambaza kete kinyume cha saa. Chora mshale wa mwendo huo kwenye safu za kila mmoja, kisha mwambie mwanao ajaribu kukunja. Mishale inagongana, mmoja unakwenda saa na mwingine kinyume chake, kwa hiyo mistari yote miwili imekufa. Zungusha nusu mzunguko, na kila mshale unakaa mahali pa mwenzake.